Mji Usio na Tofali

Nimeshiba makande, na macho yananishinda mbele ya kompyuta ya ofisi. Nimetoka kuunda dirisha jipya la kutazamia data. Dirisha la namna hii si kitu, ni swali lililopewa jina: ukiliita, kompyuta inalikunjua, inakimbilia majedwali kwenye ghala la data, inakuletea ulichotaka, ukiondoka, ndani hamna hata punje. Nalifungua nilikague, na badala ya kutazama naingia. Barabara haina mwisho, na mtu asiye na uso amesimama katikati yake. Kitendawili, anasema. Tega, nasema, mdomo umezoea. Nina mtu, akiulizwa yupo, asipoulizwa hayupo. Sijui. Basi nipe mji. Nakupa Korogwe. Korogwe inachomoza, kuta zote vioo, najiona kila upande. Nagusa mlango, na mji unakunjuka kuwa mji mwingine, nao huo mwingine, mpaka tumebaki barabarani pale pale. We bwana, nimekupa mji, nipe jibu, ndiyo desturi! Umenipa jina tu, anasema, humo hamna tofali. Nipe mji. Nampa Mwanga, nampa Muheza, yote inakunjuka, na barabara ni ile ile. Sasa naogopa, naogopa kweli, maana Nakiete, binti yangu wa darasa la pili, anatoka shule saa hizi na hana mwingine wa kumchukua. Nifungulie, namwambia, mtoto ananisubiri. Umebakiwa na mji mmoja, anasema. Nipe Same. Same ndiko aliko mwanangu. Sikupi, hata ukinichinja. Haya, kaa. Nakaa. Hakuna anayeniuliza chochote, na vidole vyangu vinaanza kufifia, kisha viganja, na hapo ndipo najua. Mtu wa kitendawili ni mimi, napiga kelele. Ni mimi!

Mama, upo?

Nipo, naitika, na meza inarudi, na kiti, na bakuli la makande, na Nakiete na begi lake mgongoni. Mbona hukuja, mama? Nimeletwa na mama yake Nambua wa darasani kwetu. Namkumbatia, ana joto, ananuka chaki na jasho, nalia bila aibu. Anajitoa, anakwenda mlangoni kutazama mbuzi wa jirani, haniulizi tena kitu. Natazama mikono yangu. Vidole vinafifia. Nakiete, mwanangu, niulize tena. Nikuulize nini, mama? Niulize kama nipo.