Raizoni za Sandukuni

Faridi aliingia dukani kwa Yasmina, mtaani Yoba mjini Gitega, akiwa na kipande cha uzi mfukoni. Kilikuwa kipimo cha mguu wa mchumba wake, Raissa wa Muyinga.

"Dada, anataka viatu vya raizoni," alisema. "Zile za miaka ya sabini zenyewe, si za kuigiza. Harusi yetu yote ni ya kizamani. Mi navaa suruali ya bugaluu, yeye gauni la maksi."

"Na sanduku la zawadi za bibi harusi nani analipeleka?"

"Bibi yangu, Bibi Pili. Nani mwingine? Mjini hapa hakuna sanduku linafungwa bila yeye."

Yasmina aliuzungusha uzi kidoleni. Alikuwa amemaliza chuo, somo la historia, na badala ya kungoja kazi ya ofisini alifungua duka la kuuza na kushona nguo na viatu vya kizamani, maana vijana sasa walivipenda kwa harusi na picha. Rafu ya juu kabisa ilikuwa na jozi moja nyekundu ambayo hakuwahi kumwonyesha mteja. Ilikuwa imetoka kwa bibi yake mzaa mama, Bibi Mwamini.

Hadithi yake aliijua tangu utotoni. Bibi Mwamini alikuwa mchumba wa kaka yake huyohuyo Pili, zamani raizoni zilipoingia mjini na kila msichana alitaka kupanda juu ya soli nene kama tofali. Kijana yule alimnunulia jozi nyekundu dukani kwa mzee Nurmohamed, kwa kipimo cha uzi. Pili ndiye aliyefunga sanduku na kulipeleka Muyinga, likalala kwa kina Mwamini hadi siku ya kufunguliwa. Siku hiyo wanawake wakageuza soli juu, kama ilivyo desturi, waone upya wa viatu. Zilikuwa zimelika, zina udongo.

"Mama wee!" Pili alipaza sauti. "Viatu vipya nimevifunga kwa mkono wangu! Huyu binti amefungua sanduku akaenda kucheza dansi na wanaume!"

Sanduku likarudi Gitega na uchumba ukaishia hapo. Raizoni zikaachwa kwenye mkeka kama uchafu, na Mwamini akazificha. Baadaye aliolewa na mtu mwingine, akazaa, akazeeka, lakini Muyinga nzima hakuna aliyewahi kumwita amfunde mwari au ampambe bibi harusi.

Faridi alipoondoka, Yasmina alipiga simu. Bibi Mwamini alisikiliza mpaka mwisho.

"Mpe zile," alisema.

"Bibi, Raissa hajatukosea kitu."

"Sina neno na Raissa. Pili anarudi Muyinga na sanduku mkononi, wanawake wote watakuwepo, na mi niko hai. Sitaki kuzikwa na aibu ya mtu mwingine. Mpe zile, mjukuu wangu."

Yasmina aling'arisha ngozi ya raizoni zile, soli akaziacha kama zilivyo. Alipomulika taa ndani ya kiatu aliona umbo la mguu uliokuwa umekivaa. Ngozi ya chini ilikuwa imeshika alama za vidole, kidole cha pili kimekipita cha gumba, na ubavuni palikuwa pametokeza uvimbe wa mfupa. Mguu wa bibi yake aliujua, alikuwa akiukata kucha. Ulikuwa mdogo kama wa mtoto. Siku ile ya mkeka, kumbe, hakuna aliyemwambia Mwamini avae.

Alizitia kwenye boksi, akalifunga kwa utepe, akampa Faridi na kumwomba asilifungue kabla ya siku yake. Kisha akauchukua ule uzi, akakata soli nyingine.

Siku ya sanduku Yasmina alisafiri hadi Muyinga kupitia Karuzi, mfuko mapajani. Sebule ya kina Raissa ilijaa wanawake hadi mlangoni. Bibi Mwamini alikaa ukutani, amevaa kitenge kipya. Bibi Pili alikuwa katikati, akitoa nguo moja moja na kuzipunga juu huku vigelegele vikimjibu. Akafika kwenye boksi. Akafungua utepe, na mkono wake ukabaki ndani.

"Toa basi, Bibi Pili!" mmoja alipiga kelele. "Au unataka kuvaa weye?"

Akazitoa. Wanawake wakageuza soli.

"Zimelika," alisema shangazi wa Raissa.

"Ni za kizamani, ndivyo zinavyotakiwa," Pili alisema haraka. "Vijana wa sasa ndiyo mtindo wao. Bon, tuendelee."

"Ngoja kidogo, wifi," alisema Bibi Mwamini akisimama.

Neno lile liligeuza vichwa vya watu. Wazee walimtazama Pili, kisha Mwamini.

"Hivi ndivyo viatu nilivyochezea dansi. Si ndivyo ulivyosema, wifi? Mi sijawahi kuvivaa. Leo naomba nivivae."

Akaingiza miguu. Ikaelea. Akapiga hatua, na raizoni zikabaki nyuma zikigonga sakafu. Mtu akacheka, kisha wengi.

"Sasa avae Pili," alisema Bibi Mwamini.

"Mi nina miguu inauma. Achana na—"

"Avae! Avae!" Wanawake wakaanza kupiga makofi kwa mdundo. Pili alitazama mlangoni, lakini mlango ulijaa watu. Akavua kandambili. Mguu wake ukaingia kama umerudi nyumbani. Kidole kilikaa kwenye shimo lake, mfupa wa ubavuni ukakaa kwenye uvimbe wake.

Makofi yalikatika.

"Hizo ni zako," alisema Bibi Mwamini. "Zangu ziko wapi, Pili?"

Pili alizitazama raizoni miguuni.

"Zilikuwa nzuri mno," alisema hatimaye. "Nilizibadilisha dukani kwa za mguu wangu, nikazicheza zikaisha, ndizo hizi."

"Rudia," alisema Bibi Mwamini. "Shangazi hajasikia."

Akarudia, akilia. Wazee wawili waliokuwepo siku ile ya mkeka walijifunika nyuso kwa mitandio.

Raissa naye alikuwa na machozi. Yasmina alipita katikati ya watu, akafungua mfuko na kumwekea mapajani raizoni mpya za kijani, zilizokatwa kwa kipimo cha uzi wake. Zilimkaa sawasawa. Shangazi akageuza soli, akaona weupe wake, kisha akamgeukia Bibi Mwamini.

"Mama, karibu ndani. Mtoto anangoja kupambwa."

Pili aliinama kuzivua raizoni.

"Hapana," alisema Bibi Mwamini. "Utatoka nazo."

Gari la wageni wa Gitega lilikuwa limeegeshwa kule chini sokoni. Pili alishuka njia ya udongo akiyumba juu ya soli zile, wachuuzi wakiacha mizani kumtazama. Yasmina alimwonea huruma. Alizichukua kandambili zilizobaki mlangoni, akageuka.

"Bibi, nimfuate nazo?"

Bibi Mwamini alikuwa ameshika kikopo cha hina. Hakutazama nje.

"Mwache atembee," alisema, akaingia kwa bibi harusi.