Lori la Onsongo Laonekana Malaba

Hemed alikuwa na malori matatu tu pale Awendo, lakini jinsi alivyoyahangaikia ungedhani ni watoto wachanga. Limefika wapi? Limesimama kwa nini? Ndiyo maana akamwajiri Bosibori. Na aliyempigia debe hakuwa mwingine ila Onsongo, dereva wa lori la buluu. "Chukua huyu msichana wa kwetu, mzee," alimwambia Hemed. "Anaongea na kompyuta vile sisi tunaongea na makanika."

Kazi yenyewe haikumtoa Bosibori jasho. Kampuni iliyofunga vifaa vya kufuatilia malori ilikuwa na mlango wake mtandaoni, huo wanaouita API, na kulikuwa na maktaba ya lugha ya kompyuta ya Ruby, programu iliyokwisha kuandikwa na wengine, ya kupiga hodi mlangoni hapo. Bosibori akaipakua, akaongeza mistari yake michache, akauliza: gari liko wapi? Jibu likaja. Kilichomkera ni kimoja tu. Namba za magari zilikuja na kistari katikati, na Hemed alizitaka zikae kama zilivyo kwenye bamba. Basi Bosibori akaiamuru programu ifute kila kistari kwenye kila jibu. Akajipongeza kwa usafi, akaenda kunywa chai.

Siku iliyofuata Onsongo alitumwa Lambwe kuchukua mahindi. Adhuhuri Hemed akafungua kwenye simu ramani aliyotengenezewa na Bosibori, akapiga yowe lililowatoa makanika chini ya magari.

"Malaba! Onsongo yuko Malaba! Anavusha lori langu Uganda!"

Wakampigia simu. Hapatikani. Kule bondeni Lambwe mtandao ni wa kubahatisha, lakini nani angemweleza Hemed hayo akiwa amepandwa na mori?

"Wallahi," akaapa mbele ya yadi nzima, "Onsongo hatashika usukani wangu tena! Cliff, akifika getini, chukua funguo. Lori ni lako."

Cliff, dereva wa akiba, akatazama viatu vyake.

Bosibori akarudi mbio kwenye kompyuta yake. Onsongo, Baba Moraa, mtu ambaye hata umpe nini hawashi gari siku ya Sabato, leo awe mwizi? Na watoto wake wako shuleni, watakula nini? Tena ramani inayomshtaki ni yake Bosibori, yule yule ambaye Onsongo alimtafutia kazi. Akaketi, akatafuta malori mengine. Lori jekundu liko wapi? Kwenye miteremko ya Mlima Elgon.

Akainua macho. Lori jekundu lilikuwa papo hapo nje ya dirisha, limepandishwa juu ya mawe, halina gurudumu hata moja, injini yake imelazwa chini ya turubai.

"Woi! Na hili limepanda mlima na nini?"

Ndipo akili ikamrudia. Ikweta inapita Maseno. Awendo na Lambwe ziko kusini mwake kidogo tu, na vipimo vya mahali pa kusini huja na alama ya kutoa mbele. Yeye alikuwa ameifuta, akidhani ni kistari kama vingine. Ukiifuta, unarushwa upande wa pili wa ikweta, umbali uleule: Awendo inakuwa Elgon, Lambwe inakuwa Malaba. Mtu wa Mombasa angetua jangwani, akashtuka mapema. Wao walitua kwa majirani, penye barabara na malori tele.

Angeweza kurekebisha kimya kimya na kuusingizia mtandao. Wazo lilimpitia, asiseme halikumpitia. Akatoka nje.

"Mzee, mwizi ni mimi. Nimeiba kistari."

Akaeleza yote, akiwaonyesha lori la juu ya mawe. Hemed akalitazama, akaitazama simu, akakuna kichwa. Mkewe Sainab, aliyekuwa akiuza vipuri dukani, akatoka na kalamu sikioni.

"Haya, na kiapo? Umeapa, Baba Zubair. Kukivunja ni kafara, kulisha masikini kumi."

"Nilisema kwa hasira."

"Ulisema kwa jina la Mungu. Mchele uko, tuma mtu akalete mbuzi. Na wewe binti, uliyefuta vistari, menya vitunguu."

Jioni Onsongo akaingia akipiga honi, lori limeshiba magunia. Akakuta wazee na wajane wa mtaa wakila pilau uani. Akavua kofia.

"Nani ametuacha?"

"Hakuna. Nawa mikono," Hemed akasema, akampakulia mwenyewe.

Onsongo akamtazama Bosibori, aliyekuwa na macho mekundu. "Na wewe unalia nini?"

"Vitunguu, Baba Moraa." Kisha akashindwa. "Si vitunguu. Ramani yangu ilikupeleka Malaba. Ukafutwa kazi mchana, hata hujui."

Onsongo akaacha kutafuna. Akamgeukia Hemed.

"Miaka yote hii, mzee, na hukuningoja hata nifike?"

Hemed akachukua nyama yote iliyokuwa kwenye sahani yake, akaihamishia kwenye ya Onsongo. "Nisamehe, ndugu yangu," akasema.

Onsongo akaiangalia ile nyama. Mabega yakaanza kumcheza, kicheko kikamtoka.

"Kumbe nilikuwa Malaba! Basi ongeza na pilau, mzee. Safari ilikuwa ndefu."