Injini Iliyobanwa Pumzi

Jumatano oili ilivuja tena, mara ya pili, na fundi mkuu hakupandisha hata sauti. Alichuchumaa chini ya greda, akapitisha kidole nyuma ya injini, kisha akamwonyesha mjukuu wangu kikiwa cheusi.

"Unaona?"

"Naona, mzee."

"Sili ya kuzuia oili umeifunga vibaya, mara mbili. Greda inatakiwa barabarani Ijumaa. Ikidondosha tone moja tena, unarudi kuosha vyuma na injini namkabidhi mwingine. Nimemaliza."

Mimi nilikuwa barazani kwa stoo, pale ninapowashonea maovaroli yao. Binti huyu nimemlea tangu hajaota meno. Miaka minne ameosha vyuma vya wenzake kwa dizeli mpaka vidole vikapasuka, ndipo wakampa injini yake ya kwanza aifungue yote, abadilishe ringi na beringi, aifunge upya peke yake. Kumrudisha kwenye lile beseni la dizeli ilikuwa ni kumvunja.

"Mke mwenza," nikamwita, maana ndivyo tunavyotaniana, "njoo ukae unywe maji."

"Sikai, bibi. Sili ile sikuifunga vibaya. Ya kwanza, haya, naweza kukosea. Ya pili nimeipima kila upande. Kuna kitu kinaisukuma hiyo oili."

"Weka ya tatu," fundi mwenzake akadakia, "mwagia gundi, halafu omba Mungu."

"Ndiyo maana injini zako zinaondoka na dua, zinarudi zikivutwa."

Mafundi wakacheka. Mjukuu wangu hakucheka.

Alhamisi asubuhi akaiwasha injini, akasimama kando yake bila kugusa kitu. Alisimama muda mrefu, hata nikaacha cherehani nikamfuata, nikidhani analia. Kumbe anatazama.

"Bibi, ona."

Kijiti cha kupimia oili kilikuwa kinapanda chenyewe kwenye tundu lake, taratibu, kama mtoto anayechungulia wageni. Akakisukuma chini. Kikapanda tena.

"Pistoni zikipiga," akanieleza, "moshi kidogo unaponyoka pembeni ya ringi, unashuka tumboni mwa injini. Ringi mpya bado hazijakaa sawa, kwa hiyo unaponyoka mwingi. Sasa ukikosa pa kutokea, unaisukuma oili ipite kwenye sili, na kijiti juu."

"Pa kutokea ni wapi?"

"Bomba la kupumulia. Na kichujio chake nimekiosha kwa mikono yangu hii."

Akazima injini. Akaufuata mpira wa bomba hilo kwa kiganja, kutoka juu ya injini, ukapinda nyuma, ukashuka mpaka chini ya sakafu ya dereva. Hapo akalala chali, akaingia. Alipotoka alishika kitu cheusi, kizito, kinachochuruzika oili, kimefungwa kwa waya.

"Nani kavalisha bomba soksi?"

Dereva wa greda, yule tunayemwita Taratibu, akaja mbio siku hiyo. "Hiyo yangu! Vumbi la kule unalijua wewe? Ulipomaliza kufunga injini nikalivalisha bomba."

"Bila kuniambia?"

"Kwani soksi nayo ni kipuri?"

Fundi mkuu akaichukua, akaipima mkononi, akatikisa kichwa. "Kitambaa kinapitisha hewa. Hapa unatafuta kisingizio, binti. Fungua hiyo sili."

Nikautazama ule mshono. Mistari mitatu, uzi wa maovaroli. Mkono wangu naujua.

"Hakipitishi," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Nimeishona mimi. Taratibu aliniomba kitu ambacho vumbi halitapenya. Nikaona kitambaa kitupu ni kazi bure, nikatia turubai katikati. Hiyo hata maji hayapiti."

Mjukuu wangu alinitazama, mdomo wazi. "Mke mwenza! Umeniziba pua!"

"Nisamehe, mama. Nilidhani naisitiri."

Fundi mkuu akaipasua kwa kisu. Turubai ikatokea, nzima kabisa. "Haya. Iwashe dakika tano tuone."

"Dakika tano sitaki, mzee," akajibu. "Nataka mpaka saa kumi, tena ikifanya kazi. Isukume kile kifusi cha uani. Kama sili yangu ni mbovu, nataka ijionyeshe leo, siyo kesho barabarani."

Akaifuta injini yote kwa nyuma ikakauka. Taratibu akasukuma kifusi kwenda na kurudi, hakuna aliyemruhusu kushuka. Kila saa mjukuu wangu alimsimamisha injini ikiunguruma, akatandika katoni safi chini yake, akasubiri. Kijiti kilikaa kwenye tundu lake, hakikuinuka. Mimi sikushona hata kifungo.

Saa kumi akaivuta katoni ya mwisho, akamwekea fundi mkuu miguuni. Vumbi tu.

Mzee akaigeuza huku na huku. "Sili hiyohiyo?"

"Hiyohiyo."

"Andika jina lako kwenye kadi ya injini. Inaondoka kesho."

Akaandika, polepole, kwa herufi kubwa. Kisha akanigeukia, kalamu ingali mkononi.

"Bibi, umeshona soksi ngapi?"

Nikahesabu kimoyomoyo. Madereva wanapendana, mmoja akipata kitu wote wanakitaka.

"Saba."

Fundi mkuu akafumba macho. Mjukuu wangu alikwisha kushika funguo za pikapu.

"Panda," akaniambia. "Utanionyesha moja moja."