Nyongeza ya Léoncie

Léoncie aliingia duka la Musoni pale Mbarara akiwa mtu wa kudeki, na hakulionea haya hata siku moja. Haya ya nini? Kule kambini Nakivale alikotoka, Warundi wenzake wanalima vipande vya ardhi ya ugenini na bado wanatembea vichwa juu. Akadeki. Akapandishwa kubeba mizigo ya wateja hadi kwenye pikipiki, akabeba. Akapewa kupanga sabuni na unga kwenye rafu, akapanga mpaka waliomtangulia wakaanza kununa. Eti mkimbizi ana haraka. Ndiyo, alikuwa nayo. Binti yake Bella alikuwa bado kambini kwa bibi yake, na Léoncie alikuwa ameapa kwamba akipata cheo atapanga chumba cha maana kule mtaani Ruti, wakae mama na mwana.

Mwishowe akawekwa kwenye mizani ya mboga. Hapo ndipo mambo yalipomnyookea, na hapo hapo ndipo yalipoharibika.

Mizani ya duka kubwa unaijua. Unaweka nyanya, inatoa karatasi ya bei, unaibandika kwenye mfuko, kwisha. Lakini Léoncie alijifunzia biashara akiuza chini, sokoni Rwekubo, na huko ukishapima hujamaliza. Unaongeza. Nyanya moja, au kitunguu kimoja, juu ya kilichopimwa, mnunuzi akiona kwa macho yake. Hiyo ndiyo nyongeza. Wala usimpe iliyobonyea, maana nyongeza mbovu ni tusi. Basi Léoncie akishabandika karatasi, mkono wake ulikwenda wenyewe, ukachukua nyanya nzuri, ukaitumbukiza mfukoni mwa mteja. Hakumwomba mtu ruhusa. Nani anaomba ruhusa ya kusalimia?

Wateja wakaongezeka. Kina mama waliozoea kununua mboga barabarani wakaanza kuingia ndani, wakapita mkate, wakapita sukari, wakaenda moja kwa moja kwa Léoncie. Musoni alifurahi, hakuuliza sababu. Mkubwa wa sehemu ya mboga alipoacha kazi, akamwambia Léoncie ajiandae, nafasi ni yake. Jioni ile Léoncie alimpigia Bella simu, akamwambia aanze kukunja nguo.

Kumbe bosi alikuwa amefunga kamera mpya, na kazi yake ikawa kukaa anaitazama kwenye simu. Akauona ule mkono.

Musoni si mtu mbaya, tuseme ukweli. Lakini mwenye duka akiona mali yake inatoka mlangoni bure, hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alishuka kutoka ofisini mchana kweupe, foleni imejaa, akawakusanya wafanyakazi wote pale kwenye mboga.

"Mama Bella, wewe unaiba mimi," akasema. "Nyanya yangu unapatia watu bure. Lakini mimi nasamehe. Sema hapa mbele ya wenzako, 'Niliiba, bosi amenisamehe.' Mambo iishe. Kesho unakuwa mkubwa wa mboga."

Neno moja tu, na Bella anakuja. Léoncie alilisikia likimkaa ulimini, tayari. Wangapi wamesema makubwa kuliko hayo ili wapate kula? Lakini Nakivale ina masikio marefu. Kabla mtoto hajapanda gari la kuja mjini, kule bombani wanakoteka maji, watu wangekuwa wameshamwambia kwamba mama yake ni mwizi na amekiri kwa kinywa chake. Hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Sikuiba, bosi. Nilitoa," akasema. "Kwetu sokoni, muuzaji asiyeongeza ndiye mwizi. Ungeniuliza, ningekueleza kwa nini foleni hii ni ndefu. Lakini neno hilo sitalisema."

"Basi hakuna kazi."

"Basi hakuna."

Akafungua aproni yake, akaikunja, akaiacha juu ya mizani.

Katika duka lile mfanyakazi hatoki bila kupekuliwa. Mlangoni alikuwa Térence, mlinzi, Mrundi mwenzake, naye aliona aibu hata kumtazama.

"Pita tu, dada."

"Sipiti tu. Nimeitwa mwizi. Pekua."

Térence akasita. Léoncie akaugeuza mfuko wake mwenyewe, vikamwagika sakafuni vitu vyake vyote: kitenge, rozari, chupa ya mafuta, na viatu vya Bella alivyovinunua wiki ile. Cha duka hakikuwemo hata kimoja. Alisimama pale, na hakuinama kuviokota.

Kwenye foleni akajitokeza Angeline, mama mmoja mnene wa Biharwe anayepikia watu chakula, mteja wa kila asubuhi.

"Kama huyu ni mwizi, mimi nimekula vitu ya wizi siku zote," akasema. "Térence, nipekue na mimi."

Hakungoja. Akaenda kwenye kaunta, akatoa nyanya zake mfukoni moja moja, akazipanga mbele ya Musoni. "Chukua yako, mzee. Chagua mwenyewe, mimi sijui ni gani." Nyuma yake mwanamke mwingine akaweka za kwake, na mwingine tena, na mwingine, mpaka nyanya zikaanza kudondoka na kuviringika hadi kwenye viatu vya bosi.

Musoni akaziangalia. Akaiangalia na foleni, ambayo haikuwa inanunua kitu. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

"Léoncie, rudi," akasema. "Kazi ni yako. Mkubwa wa mboga, kuanzia kesho."

Léoncie alitamani kusema ndiyo na kukimbilia simu. Badala yake akachuchumaa, akarudisha viatu mfukoni taratibu, akasimama.

"Sema kwanza."

"Niseme nini?"

"Uliniita mwizi mbele ya hawa. Mbele ya hawa hawa uniondolee jina hilo."

"Léoncie si mwizi," Musoni akasema chini chini, akitazama nyanya.

"Kwa sauti, bosi," akasema Léoncie. "Yule wa mwisho kwenye foleni hajasikia."