Kiganja Begani

Pigo la kwanza lilimpata Redio, mropokaji wa karakana, kwenye taya, na kabla hajaanguka, la pili lilikwishatua shingoni. Kijana waliyemwita Kobe alikuwa bado amevaa kinyago cha kuchomelea, haoni ila kiza cha kioo na umbo linaloyumba mbele yake. Akapiga tena. Nyundo ile ndogo, ya kubandua magamba kwenye chuma kilichoungwa, ilirudi na damu.

"Mshikeni! Ataua huyu!"

Wenzake wakamrukia. Alimng'ata mmoja mkono, akamtandika mwingine kiwiko cha pua, mpaka mwalimu wa karakana alipombwaga chini na kumkalia kifuani. Kinyago kikavuliwa. Macho ya Kobe yalizunguka darini, yakashuka, yakamwona rafiki yake amejikunja sakafuni akitema jino.

"Alinishika," Kobe alisema. "Mwalimu, alinishika."

"Alikushika bega, mwendawazimu we! Alikuwa anapita!"

Ndiyo desturi ya karakana yao. Aliyevaa kinyago haoni wala hasikii, basi anayepita nyuma yake humwekea kiganja begani. Maana yake: nipo, usigeuke. Mwaka wa kwanza Kobe aliguswa hivyo kutwa nzima, wala hakuwa na habari.

Kisha gonjwa likaja. Chuo kikafungwa, mabasi yakasimamishwa, na yeye ambaye kwao ni mbali akabaki peke yake bwenini. Mlinzi alimwekea chakula mlangoni, akagonga, akatimua mbio kama aliyeona chui. Mwalimu alifundisha kwa simu. Kobe alishika penseli mahali pa chuma, akachomelea hewa. Miezi ikapita bila ngozi ya mtu kumgusa. Mwishowe akawa anapiga ukuta ngumi, angalau apate kitu cha kumrudishia pigo.

Chuo kilipofunguliwa, wenzake walikumbatiana langoni. Yeye alipitia uani.

"We Kobe, toa kichwa basi, hatung'ati!" Redio alimtania asubuhi ile ile, na Kobe alicheka ili yaishe, huku jasho likimtiririka mgongoni.

Sasa mwalimu alimwinua kwa ukosi wa ovaroli. "Kamati inakaa kesho. Mwenzio akikushtaki, ni polisi, na ufundi uusahau. Nenda kamwone. Kuomba radhi, mwanangu, si kujitetea."

Wodini, taya la Redio lilikuwa limefungwa kwa nyaya na uso umeumuka, jicho moja limezibwa na uvimbe. Huyo aliyekuwa hanyamazi hata akila, sasa alikoroma tu puani. Dada yake mkubwa alisimama kando ya kitanda. Alimwona Kobe mlangoni, akamfuata, akamzaba kofi, kisha jingine, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akapiga kelele.

"Huyu ndiye aliyekuwa akikupigia simu kila jioni! Anakaa na simu sikioni mpaka namhurumia, na wewe hupokei! Leo ndiyo unampokea kwa nyundo?"

Kobe hakuzuia kofi hata moja. Midomo ilikuwa ikimvuja damu.

"Nilikuwa naisikia, dada."

"Basi?"

"Nilikuwa naishika tu mkononi. Nikipokea, ingeacha kutetemeka. Mle ndani hakukuwa na kingine cha kunigusa. Nilikuwa nangoja jioni ifike, nishike mkono wa mtu." Akamgeukia Redio. "Nisamehe, ndugu yangu. Nilisahau mkono unavyokuwa."

Dada alikuwa ameinua kiganja tena. Kikabaki juu, hakijui kishukie wapi.

Kitandani, shuka lilitikisika. Redio, akikunja uso kwa maumivu, alivuta mguu mmoja, akapumzika, akavuta na wa pili, mpaka miguuni pa godoro pakabaki nafasi ya mtu kuketi. Hakumtazama Kobe. Alitazama dirishani, kwenye jua la alasiri.

Kobe alisimama akiiangalia ile nafasi, na mikunjo ya shuka ikilala taratibu mahali miguu ilipokuwa.