Siku Sita za Endel

Jumamosi ya pili ya Agosti, saa nne asubuhi, Leida alikula mkate mweusi na samaki wa moshi kwenye mashua ya mzee Heino, akavaa suti nzito isiyoingiza maji, kisha akamwomba mwenzake Veljo amkagulie mtambo. Mtambo huo hubebwa mgongoni, husafisha pumzi ya mzamiaji na kumrudishia aivute tena. Veljo aliukagua akisoma orodha kwa sauti, neno kwa neno, kama alivyofanya kwa miaka kumi na mmoja. Wote wawili walikuwa wamemzika rafiki aliyekuwa akiijua orodha hiyo kwa kichwa.

Mita sabini na sita chini yao, kwenye maji baridi ya nyuzijoto nne, ililala meli ya kutegua mabomu iliyozama mwaka 1941. Ndani yake walikuwamo vijana thelathini na wawili wa pwani hii ya Estonia, walioingizwa jeshini kwa nguvu na dola iliyokuwa ikitawala. Kwenye daftari za dola hiyo, vijana hao hawakuzama. Waliandikwa watoro. Mmoja wao, Endel, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa kaka wa Maimu, bibi yake Leida.

Maimu sasa ana miaka tisini na minne. Kwa sababu ya neno hilo moja alinyimwa nafasi ya kusomea uuguzi, na jina la kaka yake halikuchongwa kwenye jiwe la makaburini pamoja na wengine waliokufa vitani. Kwenye jiwe hilo kuna nafasi ya mstari mmoja aliyoomba iachwe wazi. Alitaka ijazwe kabla hajafa, na hakuficha kwamba alikuwa anachelewa kufa kwa ajili hiyo tu.

Leida alikuwa ameitafuta meli kwa miaka mitatu, na majira ya joto ya mwaka uliopita aliipata. Alipiga picha mlango wa chini, ambao ulikuwa umekomewa kwa nje. Bi. Raili wa ofisi ya kumbukumbu za vita alizitazama picha hizo kwa makini.

"Komeo naliona, dada yangu," alisema. "Lakini komeo haliniambii nani alikuwa ndani. Niletee shahidi."

Wazamiaji wa huko wana desturi wasiyoivunja. Anayefika chini hubana kwenye kamba ya kupandia kibanio chenye jina lake, na akiondoka hukichukua. Wa mwisho, akiona hakuna kibanio kingine, hufungua kamba na kuiachilia. Kamba yenye alama ya mtu haifunguliwi, kwa sababu mtu huyo bado anaihitaji ili arudi.

Jumamosi hiyo, Leida na Veljo waliporudi kwenye kamba, walikuta vibanio vyao viwili na kitu cha tatu, kifungo cha shaba cha koti la jeshi, kimefungwa kwa uzi. Veljo alihesabu mara mbili. Kisha akaandika kwenye kibao chake cha kuandikia majini, "Wa tatu yuko wapi?"

Endel alikuwa amesimama upande wa pili wa kamba, kofia mkononi. Alikuwa amewatazama kupitia kidirisha cha meli tangu mwaka uliopita na kuishika desturi yao. Alipokea kibao akaandika kwamba komeo lilikuwa limeliwa na kutu, likaachia mwezi wa tano. Akaandika kwamba walifungiwa kwa sababu pwani ilikuwa inaonekana, na wakubwa walihofu wataogelea kwenda nyumbani. Mwisho akauliza, "Maimu yupo?"

"Yupo," aliandika Leida.

"Basi nakuja."

Veljo alimwonyesha kiganja, taratibu. Mwili uliokaa kwenye kina hicho hujaa gesi kama kitambaa kinavyoloa maji, na ukipandishwa haraka huharibika. Ukishajaa, umejaa. Wiki moja na miaka themanini na miwili ni mamoja. Walipofika juu, Veljo aliingiza tarakimu kwenye kompyuta, ikatoa jibu: siku sita na saa nne.

"Lakini hapumui," alisema Heino.

"Kompyuta haijauliza kama anapumua. Imeuliza amekaa kina gani."

"Amekufa, Veljo."

"Ndiyo maana sitaki aumie tena."

Endel alipanda kwa ratiba hiyo, akisimama saa nyingi kila mita tatu, na wazamiaji wa pwani nzima walipokezana kumtembelea. Wiki hiyohiyo kifua cha Maimu kilibana, na daktari akaiambia familia ijiandae. Kila asubuhi, kabla ya dawa, Maimu alimuuliza Leida swali moja.

"Yuko mita ngapi?"

"Arobaini na mbili, bibi."

"Mwambie asikimbie. Mimi nipo."

Leida aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa majini. Alijua hesabu za Endel, lakini za bibi yake hakuna aliyekuwa nazo.

Ijumaa alasiri walimpakia Maimu mashuani, amefungwa blanketi mbili. Endel alipanda ngazi peke yake, maji yakimchuruzika. Ndugu hao walitazamana, Endel akiwa na uso wake wa miaka kumi na tisa.

"Umechelewa," alisema Maimu.

"Walifunga mlango."

"Najua. Vua viatu hivyo, utaugua."

Akampa soksi za sufu alizomfumia, na alipomwona anashindwa kuzivaa kwa jinsi vidole vilivyoganda, alilia, na Heino akageukia injini.

Jumatatu Endel alitoa ushahidi kwa saa nzima. Alitaja majina yote thelathini na moja ya wenzake, vijiji vyao, na afisa aliyesukuma komeo. Bi. Raili aliandika kila neno, akampa asaini. Kisha akafungua faili la zamani.

"Sasa hivi uko wapi?" aliuliza.

"Hapa."

"Nchi kavu?"

"Nchi kavu."

Bi. Raili alifuatisha mstari wa faili kwa kidole. "Mimi binafsi nakuamini, mdogo wangu. Lakini aliyezama haketi kwenye kiti hicho. Faili linasema ulitoka melini, nawe uko nje ya meli. Umelithibitisha." Akaandika mbele ya neno "mtoro" neno "amepatikana". Kuhusu wale wengine, alieleza kwa upole kwamba ushahidi wa mtoro haupokelewi.

Nyumbani Maimu alikuwa amechemsha viazi.

"Wameandika nini?"

"Amepatikana," alisema Leida.

"Hilo angalau ni kweli," alisema bibi, akamsogezea kaka yake maziwa mgando. Hakuuliza kuhusu jiwe. Endel alianza kupasua kuni za baridi inayokuja, na Jumapili alikwenda makaburini akakwangua kuvu kwenye ule mstari mtupu, ukabaki safi.

Jumamosi iliyofuata Leida na Veljo walizama tena. Kwenye kamba walikuta vifungo thelathini na kimoja, vimefungwa kwa uzi, kimoja juu ya kingine. Wenyewe walikuwa wamepanga foleni kwenye sitaha, kofia mikononi.

Leida alitamani kusema uongo. Aliandika kwenye kibao kile ofisi ilichosema, chote, akampa wa kwanza. Alisoma, akampa wa pili. Kibao kilikwenda hadi mwisho wa foleni kikarudi. Kisha walikuja mmoja mmoja, kila mtu akafungua uzi wake, akachukua kifungo chake, akarudi chini. Wa mwisho aliuvuta mlango nyuma yake.

Muda wao ulikuwa umekwisha. Veljo alichukua kibanio chake akaanza kupanda. Leida alichukua chake. Alimulika kamba kutoka chini hadi pale mwanga wa taa ulipofika, akaikagua mara mbili. Haikuwa na alama ya mtu yeyote, naye alikuwa wa mwisho, kwa hiyo akaifungua.