Bomba Lisilo na Maji

Masikio ya fundi bomba yalisifiwa mtaa mzima. Hulaza shavu ukutani, hufumba macho, kisha hukuonyesha kwa kidole mahali bomba linapovuja. Lakini mkojo wake mwenyewe ulipotoka mwekundu, fundi huyo huyo alimwaga maji chooni haraka na kujiambia ni joto tu. Uliporudi, akasema ni dawa ya mafua. Alipoishiwa visingizio, akaanza kukojoa gizani.

Mkewe ndiye aliyewasha taa.

"Baba watoto, hii nini?"

"Kutu."

"Kutu! Basi twende kwa wanaokwangua."

Hospitalini daktari aliagiza ultrasaundi ya kibofu. Masharti yalikuwa mepesi: anywe maji mengi, asikojoe mpaka aitwe. Fundi alikunywa kwa mbwembwe, chupa kwa chupa, kama anayeshindana. Foleni haikusogea. Akapandanisha miguu. Akaiachanisha. Mtu mzima halilii choo, akajikumbusha, huku machozi yakimlengalenga.

Mkewe alipokwenda kuuliza dirishani, fundi akapata wazo la kitaalamu: afungue kidogo, apunguze presha, afunge. Maisha yake yote alifunga koki za watu, yake ingemshindaje?

Ikamshinda. Chooni mkojo ulikwisha wote.

Mpimaji, binti wa rika la mwanawe wa mwisho, alimpaka mafuta ya baridi chini ya kitovu na kupitisha kifaa chake, mke wa fundi akisimama kando. Akakunja uso.

"Baba, mkojo umeubana?"

"Mpaka kope zinauma, mwanangu."

"Mbona sioni kitu?"

Haoni kitu! Fundi alikwisha kukaa, mguu mmoja kwenye kiatu. "Mama watoto, umesikia? Hakuna kitu! Twende zetu."

Mkewe aliegemea ukuta, akafunika uso kwa upande wa khanga, mabega yakimtetemeka kwa shukrani.

Furaha ile ilimchoma fundi pabaya. Akajisikia mwenyewe anavyowafokea wateja wanaofunga maji kabla hajafika, halafu wanajisifu ukuta umekauka: bomba lisilo na maji halivuji, fungua kwanza tuone!

Kiatu cha pili kikamning'inia mkononi.

"Binti, nilikwenda chooni. Nilitaka kupunguza kidogo tu."

"Kidogo!" Mkewe alifunua uso. "Fundi mzima, koki moja, tena ya kwako!"

Mpimaji alicheka mpaka akaweka kifaa chini. "Nilijua, baba. Kibofu kitupu hujikunja kama mfuko wa plastiki, hakuna anayeona kilichomo. Nilikuwa nangoja uvae cha pili nione kama utaondoka kweli."

Alikunywa upya. Safari hii mkewe alisimama mlangoni mwa choo kama askari.

Kibofu kilipojaa, kwenye kioo kilitokea kidimbwi cheusi, na juu kabisa, darini mwake, uvimbe mdogo.

"Geuka ubavu," mpimaji akasema polepole.

Akageuka. Uvimbe haukusogea.

"Lingekuwa bonge la damu, lingeteremka. Huu umeshika."

Hakuna aliyecheka.

Walirudi kwa daktari, naye akaitazama picha. "Saratani nyingi za kibofu hazianzii hapa juu. Hii huenda ikawa aina adimu. Picha peke yake haitoshi, tutaingiza kamera, tuchukue kipande, ndipo tujue. Lakini ni ndogo, na sioni kama imetoboa ukuta. Mmewahi. Nina matumaini tutaikata yote."

Mkewe alimbana vidole mpaka vikafa ganzi.

"Darini," fundi akanong'ona. "Na mimi miaka yote nainama chini ya masinki."

"Ungevaa kile kiatu," mkewe akasema.

"Ningezikwa nacho."

Daktari akaanza kueleza maandalizi ya siku ya kamera. Fundi alikaa wima, tayari kusikiliza kama mtaalamu kwa mtaalamu. Daktari akamgeuzia bega kidogo, akaendelea kumweleza mkewe.